Kufundisha Mfumo Endeshi wa Kompyuta Pale Maunzi Yanapobadilika Mara kwa Mara

Mwanachuo atakayepangiwa shule ya msingi yenye kompyuta hana budi kutazamia jambo moja: kompyuta hizo hazitakuwa za namna moja. Pengine mbili zimenunuliwa mpya, tano zimeletwa na wafadhili baada ya kutumika ofisini kwa miaka mingi, na moja imeundwa na fundi wa mjini kwa vipande vya kompyuta nyingine zilizokufa. Mwaka unaofuata diski ya moja itabadilishwa, printa itaharibika na kuletwa nyingine ya kampuni nyingine, na kumbukumbu ya kompyuta mbovu itahamishiwa katika ile inayosuasua. Hali hii si aibu ya shule zetu. Ofisi nyingi duniani huishi hivyo hivyo. Lakini inamtaka mwalimu aiache njia ya kufundisha iliyozoeleka.

Njia iliyozoeleka ni kufundisha vitufe. Mwalimu husema, "Bonyeza hapa, kisha hapa, kisha ngoja," na wanafunzi huandika katika madaftari yao. Katika Windows 10 kitufe cha kuanzia kilikaa pembeni, mkono wa kushoto. Katika Windows 11, iliyotolewa tarehe 5 Oktoba 2021, kitufe hicho kilihamia katikati ya mstari wa chini. Mtoto aliyekariri kuwa kompyuta huanzia kushoto atasimama mbele ya kioo kama mgeni, na daftari lake halitamsaidia.

Tena kuna swali zito zaidi, nalo mwalimu mgeni huulizwa na Mwalimu Mkuu hata kabla hajazoea ratiba. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10. Tangu siku hiyo, mashine inayotumia mfumo huo hailetewi tena marekebisho ya usalama, isipokuwa iwe imeandikishwa katika mpango wa nyongeza. Je, shule ipandishe toleo la mfumo, ibadilishe mfumo, au itupe mashine? Mwalimu aliyejifunza vitufe tu hana la kujibu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba uhusiano kati ya mfumo na vyombo unaweza kufundishwa katika darasa la tano au la sita, hata siku ambayo umeme umekatika, na kwamba mwalimu anayeweza kuufundisha ataweza pia kumjibu Mwalimu Mkuu.

Yampasayo mwalimu kujua kwanza

Mwalimu ajihakikishie kuwa yeye mwenyewe anayaona matabaka matatu. Chini kabisa kuna maunzi, yaani vyombo vinavyoshikika: prosesa, kumbukumbu, diski, kioo, kibodi, printa. Juu kabisa kuna programu za kazi: ya kuandikia barua, ya kuchorea, ya kupigia hesabu. Katikati ndipo ulipo mfumo endeshi. Kazi yake kubwa ni kugawa: programu ipi itumie prosesa sasa na ipi ingoje, faili hili likae wapi katika diski, nani atangulie kwenye printa. Programu ya kuandikia haijui printa yenu ni ya kampuni gani. Hupeleka ombi kwa mfumo endeshi, nao hulipitisha kwa programu ndogo iliyoandikwa kwa ajili ya printa ya aina ile. Programu hiyo ndogo mafundi wetu huiita draiva. Neno hilo ni ndugu wa "dereva" wa gari. Wanafunzi watacheka wakiambiwa hivyo. Waache wacheke, maana hawatalisahau.

Ilichukua muda watu kulijenga vema tabaka hilo la katikati. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, mtu aliyeiacha kompyuta ndogo na kununua kubwa zaidi, hata ya kampuni ile ile, aghalabu alilazimika kuziandika upya programu zake. Mwaka 1964 kampuni ya IBM ya Marekani ilitangaza System/360, jamaa ya kompyuta za ukubwa mbalimbali zilizokusudiwa kutumia programu zile zile. Mfumo wa Unix, ulioanzishwa mwaka 1969 na Ken Thompson, Dennis Ritchie na wenzao katika maabara za Bell, kwanza uliandikwa kwa lugha iliyofungamana na mashine yenyewe. Mwaka 1973 uliandikwa upya kwa lugha ya C, na baadaye ukaweza kuhamishiwa katika mashine za makampuni mengine bila kuanza upya. Historia hii si ya kuwakaririsha watoto. Ni ya mwalimu, ili atambue kwamba wataalamu walilitilia mkazo tabaka hili kwa sababu walijua mashine hazitaacha kubadilika.

Mabadiliko huja kwa njia mbili, na wanachuo wengi huzichanganya. Ya kwanza ni pale mfumo unapobaki ule ule na kipande cha maunzi kikabadilika. Kuongeza kumbukumbu ni jambo jepesi, mradi kipande chenyewe kiingie mahali pake (kumbukumbu ya DDR3 haiingii katika nafasi ya DDR4, pengo lake limekatwa mahali pengine, na watoto wataliona kwa macho). Printa mpya hudai draiva mpya. Bodi mama ikibadilishwa, mambo huwa makubwa: Windows huweza kuihesabu mashine kuwa nyingine kabisa na kutaka leseni ithibitishwe upya. Fundi akibadilisha bodi, na aulizwe habari ya leseni kabla hajalipwa.

Njia ya pili ni pale maunzi yanapobaki yale yale na mfumo ukapandishwa. Hapa ndipo penye hasara nyingi. Ilipotoka Windows Vista kwa wanunuzi wa kawaida mwaka 2007, printa na vyombo vingi vilivyokuwa vizima viligoma kwa sababu draiva zake za zamani hazikufaa katika mfumo mpya. Chombo hakikuharibika hata kidogo. Aliyetoweka ni mkalimani wake. Na kwa neno hilo tumefika kwenye somo.

Mchezo wa mkalimani

Zana ni kadi za karatasi, ubao, chaki, kitambaa kimoja, na kigoda au dawati dogo. Muda ni kipindi kimoja cha dakika 40. Wanafunzi wanne husimama mbele. Wa kwanza ni Programu: kazi yake ni kuandika ombi katika kadi, kwa mfano "duara, mraba, duara". Wa pili ni Mfumo: hupokea kadi, huamua ipi itangulie, kisha husoma ombi kwa sauti. Wa tatu ni Draiva, yaani mkalimani: anayo orodha isemayo kwamba pembetatu ni kofi moja, duara makofi mawili, mraba makofi matatu. Wa nne ni Printa: ameziba macho, hasikilizi maneno, huchora ubaoni kwa kufuata makofi tu. Mwacheni Programu aombe mara mbili au tatu, mpaka darasa zima lione kazi inavyopita kutoka mkono hadi mkono.

Sasa Printa wa kwanza aondoke, aje mwingine ambaye mwalimu amempa maagizo kwa siri nje ya darasa. Huyu hafuati makofi, hufuata kitambaa. Kitambaa kikipungwa mara moja huchora pembetatu, mara mbili duara, mara tatu mraba. Yeye anaona, bali ameziba masikio. Programu anaandika kadi ile ile, Mfumo anaisoma, Draiva anapiga makofi, na Printa mpya anasimama kama mlingoti. Darasa litapiga kelele. Hapo mwalimu aulize swali moja tu, "Nani amekosea?" kisha anyamaze.

Kunyamaza huku ndiko kugumu kuliko yote, na wanachuo wengi katika mazoezi ya kufundisha hukushindwa. Karibu kila mara watoto husema Printa mpya ni mbovu. Wengine watamlaumu Draiva kwamba hapigi makofi kwa nguvu. Mwalimu asikubali wala asikatae, awaulize tu, "Umejuaje?" Atatokea mtoto wa kuomba Printa ajaribiwe kwa njia nyingine, au wa kumwuliza Printa mwenyewe anasubiri nini. Ndipo Draiva apewe kitambaa na orodha mpya, na kazi iendelee. Darasa limegundua lenyewe kwamba hapakuwa na mkosaji. Kulikosekana mkalimani anayefaa.

Mzunguko wa pili ndio kiini cha somo. Warudi Printa wa kwanza na Draiva wa makofi, waliokuwa wakielewana vizuri. Safari hii anayebadilishwa ni Mfumo. Mfumo mpya hatamki maneno "duara" na "mraba". Hutoa ombi kwa namba, nne kwa duara na saba kwa mraba. Draiva anatazama orodha yake na haoni nne wala saba. Printa ni mzima, Draiva ni yule yule, na hakuna kipande kilichobadilishwa, lakini ubao ni mtupu. Waulizwe watoto: tufanye nini? Majibu yatakuwa ya aina tatu au nne, na yote ni ya kweli katika ulimwengu wa kompyuta. Mmoja atasema orodha ya Draiva iandikwe upya. Mwingine atasema Mfumo wa zamani arudishwe. Wa tatu atataka Printa mwingine. Mara kwa mara hutokea wa nne asemaye, "Tungeuliza kabla ya kumbadilisha." Jibu hilo liandikwe ubaoni kwa herufi kubwa.

Muda ukiruhusu, mzunguko wa tatu uonyeshe kumbukumbu. Mfumo wa zamani alitandaza kadi nne juu ya kigoda. Mfumo mpya, mwenye mambo mengi, lazima atandaze nane kwa wakati mmoja. Kadi zitaanguka, naye atainama kila mara kuokota moja na kuweka nyingine chini. Kazi itaendelea, lakini kwa taabu. Hivyo ndivyo kompyuta yenye kumbukumbu ndogo inavyohangaika na diski yake baada ya kupandishiwa toleo, na mtoto aliyeona kigoda kile hatasema tena kwamba "kompyuta imechoka".

Uangalifu wa namna mbili wahitajika. Kwanza, wasichaguliwe wale wepesi wa kunyoosha mikono tu. Kazi ya Printa humfaa sana mtoto mkimya, maana darasa zima humtazama bila yeye kulazimika kusema. Pili, mchezo usirefushwe. Mizunguko miwili iliyozungumzwa vizuri ni bora kuliko mitano ya vicheko.

Kutoka mchezoni hadi kwenye mashine

Kipindi kinachofuata kifanyike mbele ya kompyuta zenyewe. Kila kikundi kiandike kadi ya mashine yake: prosesa gani, kumbukumbu gigabaiti ngapi, diski ina nafasi kiasi gani, printa ipi imeungwa, mfumo gani na toleo gani. Katika Windows, neno "winver" likiandikwa mahali pa kutafutia hufungua kidirisha kinachotaja toleo. Kadi hiyo isitupwe baada ya somo. Ibandikwe ubavuni mwa mashine au itunzwe katika jalada, na kila kipande kikibadilishwa, tarehe iandikwe. Katika shule ambayo maunzi hubadilika kila mara, kadi hizi zina thamani kuliko kitabu chochote cha maelekezo, kwa kuwa kitabu hakijui fundi alifanya nini mwezi uliopita.

Kisha kadi zilinganishwe na masharti ya mfumo mpya. Windows 11 hudai kumbukumbu ya gigabaiti 4 na diski ya gigabaiti 64 kwa uchache, na hapo mashine nyingi za shule zitapita. Lakini hudai pia prosesa ya biti 64 iliyomo katika orodha ya Microsoft, pamoja na kijenzi cha usalama kiitwacho TPM cha toleo la 2.0, ambacho hutunza funguo za siri za mashine. Hapa ndipo mashine nyingi zilizotengenezwa kabla ya 2016 hukwama, hata zikiongezewa kumbukumbu. Watoto wapange kadi katika mafungu: zinazopita, zisizopita kwa sababu ya kipande kinachoweza kubadilishwa, na zisizopita kabisa. Mafundi wengine hujua kukwepa sharti hili na kuusimika mfumo kwa nguvu. Microsoft haiahidi kwamba mashine ya namna hiyo itaendelea kupata marekebisho, na kwa maoni yangu mwalimu asikubali jambo hilo kwa mali ya shule.

Fungu la mwisho lisitupwe jalalani. Mpango wa nyongeza wa Microsoft kwa watumiaji binafsi wa Windows 10 uliwekewa kikomo cha tarehe 13 Oktoba 2026, kwa hiyo ni daraja fupi tu. Njia ndefu zaidi ni kuhamia mfumo wa Linux, ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds alipokuwa mwanafunzi huko Helsinki, Finland. Miongoni mwa matoleo yake kuna Ubuntu, lililotoka mara ya kwanza mwaka 2004 kwa juhudi za Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini; mwalimu wa Kiswahili hatahitaji kuambiwa kwamba jina hilo ni ndugu wa "utu". Kila baada ya miaka miwili, mwezi Aprili, hutolewa toleo la kudumu linalohudumiwa kwa miaka mitano. Linux ina faida moja inayoihusu mada yetu: draiva nyingi huja ndani ya mfumo wenyewe, hata diski iliyohamishwa kutoka mashine moja kwenda nyingine mara nyingi huwaka bila malalamiko. Tena huweza kujaribiwa kutoka kwenye flashi bila kuigusa diski. Mwalimu awashe mashine kwa flashi hiyo, achapishe ukurasa mmoja, asikilize sauti, ajaribu intaneti. Kisichofanya kazi akiandike katika kadi. Ikiwa shule inategemea programu fulani iliyotengenezwa kwa Windows tu, hilo nalo lijulikane siku hiyo ya majaribio, wala lisingoje diski ifutwe.

Somo la hisabati laweza kuingia hapa kwa urahisi. Faili la kusimikia Windows 11 huzidi gigabaiti 5. Tukichukua 5 kamili, na mtandao wa shule ukipitisha megabiti 2 kwa sekunde, litachukua muda gani kufika? Gigabaiti 5 ni kama megabiti 40,000. Gawanya kwa 2, unapata sekunde 20,000, yaani saa tano na dakika 33. Kwa kompyuta nane, kila moja ikijipakulia yenyewe, ni zaidi ya saa 44. Watoto wenyewe watapendekeza faili lipakuliwe mara moja, liwekwe katika flashi ya gigabaiti 8, lizungushwe.

Siku ya kupandisha toleo

Kazi yenyewe si ya watoto, lakini watazame na waandike. Isifanywe katika juma la mitihani, wala siku ambayo umeme haueleweki, maana mashine ikizimika katikati yaweza isiwake tena. Faili za wanafunzi na za ofisi zinakiliwe kwanza mahali pawili, na nakala ifunguliwe katika kompyuta nyingine kuhakikisha kwamba inasomeka. Nakala isiyojaribiwa ni tumaini tu. Saa ya kompyuta itazamwe pia. Katika mashine kuukuu kibetri cha duara kilicho juu ya bodi mama, aghalabu cha namba CR2032, huwa kimekwisha, na kila ikizimwa hurudi tarehe ya miaka iliyopita. Mashine yenye tarehe ya uongo hukataliwa na tovuti nyingi, na marekebisho hushindwa kuingia. Wapo waliohangaika kutwa na mfumo kumbe kasoro ni kibetri cha bei ndogo.

Ianze mashine moja, isiyo bora wala mbovu kupita nyingine, kisha itumike juma zima kwa kazi za kila siku kabla ya kuzigusa zilizobaki. Aliyetoka Windows 10 kwenda 11 bila kufuta diski anazo siku 10 za kuweza kurudi alikotoka. Tarehe ya mwisho iandikwe katika kadi ya mashine.

Kupima

Maswali ya kutaja majina ya matoleo hayapimi chochote cha maana. Mwanafunzi apewe tukio: shule imenunua printa mpya, kompyuta tatu zinachapa, ya nne haichapi. Ataje mambo matatu anayotaka kuyajua kabla ya kusema printa ni mbovu. Atakayeuliza kama kompyuta ya nne ina mfumo sawa na zile nyingine apewe alama. Vivyo hivyo atakayeuliza habari ya draiva, na atakayetaka kusoma kadi ya mashine kuona kilichobadilishwa karibuni. Atakayeuliza kama waya umechomekwa naye apewe alama kamili.